Ushuhuda wa Mama Mapacha

Ni asubuhi, na chumba cha nyuma cha duka hili la mtandaoni kinanuka maboksi na gundi. Mfungaji wa vifurushi anavuta selotepu, anaikata kwa meno, kisha anaitupia simu yake jicho la hofu. Ikiwaka tu, anashtuka.

Wenzake humwita Mama Mapacha. Ni utani, maana mtoto wake ni mmoja. Mbali na kufunga mizigo, yeye ndiye huandika "ushuhuda wa wateja", zile sifa zinazowekwa chini ya picha ya bidhaa ili mnunuzi alegee.

"Bosi alilalamika birika la umeme haliuziki. Nikaandika: mimi ni mama wa mapacha, nawachemshia maji kila siku, halijawahi kunisumbua. Wala sijawahi kulichomeka," anasema, akicheka bila furaha.

Baadaye mabirika yakaanza kurudishwa. Yalikuwa yanapiga shoti. Bosi akaagiza yafutwe vumbi, yafungwe upya na kuuzwa tena.

Jumapili iliyopita mchungaji alihubiri juu ya dhamiri safi, kisha akakaribisha shuhuda. Akasimama mama mwenye kichanga mgongoni, akamshukuru Mungu kwa birika alilonunua mtandaoni.

"Nilisita," alisema yule mama, "ila nikasoma ushuhuda wa mwenzangu mwenye mapacha, moyo ukatulia."

Waumini wakaitikia amina. Mfungaji alikuwa kati yao.

"Ushuhuda! Kazini neno hilo, kanisani neno hilo hilo. Niliogopa hata kumtazama mchungaji," anasema.

Nje alimshika yule mama mkono. "Dada, lile birika usiliguse, linapiga shoti. Mama wa mapacha ni mimi."

"Wewe? Si una mtoto mmoja?"

"Ndiyo hivyo, dada. Nisamehe."

Yule mama hakungoja zaidi. Alitimua mbio kwenda nyumbani, alikomwacha mama mkwe akiandaa chai. Alimkuta ananung'unika: umeme umekatika, birika halichemki.

"Huyo kaponea hapo. Wengine siwajui hata sura," anasema mfungaji. "Na nikifukuzwa, mwanangu atakula nini?"

Hata hivyo, anaandika mbele yangu, chini ya picha ya birika, kwa jina lake halisi: "Nafanya kazi hapa. Birika hili linapiga shoti. Sina mapacha." Anatuma.

Maoni yote humfikia bosi papo hapo. Simu inaita. Anaifunika kwa boksi tupu.

"Jumapili nitasimama na mimi," anasema kwa sauti ndogo. "Mara hii nitashuhudia nilichokiona."

Chini ya boksi, simu bado inaita.