Watu wa Ng'ambo ya Mfereji

Ndugu yangu, ukitaka kuusikia mfereji wa kwetu ukitiririka siku hizi, itakubidi uje London, uingie katika maktaba moja kubwa, uache koti na kalamu ya wino mlangoni, uruhusiwe kupita na penseli tu. Mimi ndivyo nilivyousikia. Waliniwekea faili juu ya mto laini, kama mtoto mchanga. Nikafunua, na mwandiko wa karani wa baraza la zamani ukaniambia kwa Kiswahili kwamba shamba linalogombewa liko Kilimanjaro na limepakana na mfereji. Nikafumba macho. Nikasikia maji yakigonga mawe, nikanusa moshi wa jiko la bibi.

Sikwenda pale kwa kupenda vitabu. Shule yangu iliishia kidato cha nne, na tangu hapo nimekuwa mtu wa njiani: Tanga, Mombasa, Muscat, na sasa Lewisham, ambako nahudumia wazee wa watu. Alinituma shangazi, dada yake baba. Alikuwa amelazwa hospitali hapo hapo Lewisham, na madaktari walikwisha kuacha kumpa moyo.

"Mwanangu," aliniambia, "nataka kujua kitu kimoja tu. Wale watu wa ng'ambo ya mfereji ni damu yetu au si damu yetu? Yule mwenzangu, binti wa kule, bado yu hai. Kama ni ndugu yangu, sitaki kufa sijamsalimu."

Ili unielewe, twende kwanza kwa bibi.

Bibi alikuwa na kihamba, shamba la ukoo, migomba juu na kahawa chini yake, giza la kijani hata saa sita mchana. Asubuhi tulikata majani ya ng'ombe, ambaye hakutoka nje, akiishi ndani kama mgonjwa. Zamu yetu ya maji ilipofika tulikimbia kufungua mfereji, tukiziba upande mmoja kwa udongo na vipande vya mgomba, miguu ikifa ganzi kwa baridi ya mlima. Jioni tulikula kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, kutoka chungu kilichoungua kidogo chini. Nimenunua ndizi mbichi katika soko la Lewisham mara nyingi, nimeziunguza makusudi, na bado hazijawa zile.

Ng'ambo ya mfereji, nyuma ya mstari wa masale, ile mimea ya mpakani, aliishi mama mjane na binti yake, rika la shangazi. Hao hatukuruhusiwa kuwasalimu. Kuku wao akivuka, bibi alimrudisha bila neno. Tukiuliza sababu, jibu lilikuwa lile lile: marehemu mume wa yule mjane alikuja akiwa mtoto mwenye njaa, akahifadhiwa na baba yake babu, alipokua akadai kuwa naye ni mwana wa nyumba. Babu akamshtaki, akashinda, akamwachia kile kipande cha ng'ambo kwa hisani tu. "Mtu wa kuja hata ukimlisha hawi mwanao," bibi alisema, na mazungumzo yakaisha.

Shangazi wakati huo alikuwa hajaolewa, na ulimi wake ulijulikana hadi sokoni. Akifua nguo mferejini, alipaza sauti: "Wageni, hamjambo? Mnaondoka lini?"

Na yule binti, akiwa ameinamia ndoo yake, alijibu pole pole: "Tukimaliza kunywa maji ya babu yetu."

Sisi watoto tulicheka. Tulidhani ni mchezo.

Lakini bibi alipokaribia kufa, shangazi akiwa keshahamia huku, alimwambia kwenye simu maneno ambayo hakuyamalizia: "Wale wa ng'ambo, msiwakatae sana." Shangazi akabaki nayo. Ndipo mtu mmoja wa kanisani akaniambia kwamba Mwingereza aliyekuwa Bwana Shauri wa kwetu, mkuu wa wilaya aliyesikiliza rufaa, alipostaafu alirudi na masanduku ya nakala za kesi, na kizazi chake kikayatoa kwa ile maktaba.

Kesi yetu ilikuwa kurasa chache. Babu aliapa kwamba mdaiwa si ndugu yake. Ukafuata ushahidi ambao nyumbani hatukuwahi kusikia kama ulikuwapo: wa mama mzazi wa babu. Karani aliuandika hivi: "Mume wangu alimzaa huyu mdaiwa Upareni, alikokuwa akipeleka mbuzi. Mama yake alipokufa aliletwa kwangu, meno ya utoto hayajang'oka. Nilimlea mimi. Na huyu mdai nimemzaa mimi. Namwomba asimkatae mwenzake."

Kisha: "Shahidi ametoa jani la isale lenye fundo, amemnyooshea mdai. Mdai amenyamaza. Bwana Shauri ameuliza jani ni la nini. Ameelezwa. Amesema jani si ushahidi, liondolewe."

Kwetu, ukiletewa isale lenye fundo, jani la yale masale ya mpakani, huna njia ya kukataa kupatana. Mtu aliyemuua nduguyo akikuletea jani hilo, unakaa naye chini. Na huyu alikuwa mama.

Nilimsomea shangazi nilivyonakili kwa penseli. Alisikiliza akiangalia ukuta.

"Kabla halijaondolewa, baba alilipokea?"

"Hawakuandika, shangazi. Wameandika alinyamaza."

"Basi hakulipokea," alisema. "Baba akikubali jambo alikuwa na maneno mengi."

Namba ya simu ya yule binti wa ng'ambo, sasa mama mzee, nilipewa na katekista wa nyumbani. Nikapiga, nikaweka sauti ya nje, nikaishika simu karibu na mdomo wa shangazi. Alitaja jina lake na la baba yake.

"Wa ng'ambo ya mfereji?" sauti ya kizee iliuliza.

"Ndiye. Nimesomewa ile kesi. Baba yako na baba yangu ni ndugu."

Yule mama alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Hilo mmesomewa? Sisi tuliambiwa na bibi, akichambua maharage."

"Bibi yupi?"

"Mama yake baba yako. Baada ya kesi alivuka mfereji, akakaa kwetu mpaka akafa. Yule kikongwe aliyekuwa akikuita pale kwenye maji tukiwa watoto, ukipita kama husikii."

Shangazi alifunika macho. "Niliambiwa ana kijicho. Niliambiwa nisimwitikie."

"Alikuwa anakuita akupe parachichi."

Shangazi aliuliza kaburi liko wapi. Lilikuwa chini ya mibuni, akajibiwa, lakini shamba waliliuza, watoto walitaka kujenga mjini. Aliyenunua aling'oa mibuni na masale, akafukia mfereji uliokuwa umeshakauka, akajenga nyumba ya wageni. "Pale alipolala bibi, nasikia wanaegesha magari."

Shangazi akauliza, kwa sauti ya msichana, "Kati yetu nani mkubwa? Nani amwamkie mwenzake?" Hawakujua. Walikuwa wamekua wakisikia vikohozi vya nyumba zao, na hakuna aliyejua mwenzake amezaliwa lini.

"Shikamoo, dada," shangazi akasema mwishowe.

"Marahaba. Umechelewa, mdogo wangu."

Hawakuzungumza tena. Shangazi alifariki kabla majira ya baridi hayajaisha, na fedha za kumsafirisha zingepatikana, lakini kumpeleka wapi? Kihamba cha bibi nacho baba zangu walikwisha kukigawa na kukiuza kipande kwa kipande. Tukamzika London, katika udongo mzito uliolowa. Wengine walipokwenda kujikinga mvua, nilibaki. Nikatazama makaburi ya pande zote mbili za lake, nikasoma majina ya hao majirani zake wapya, majina magumu ya watu tusiowajua, nikayatamka moja moja kwa sauti, nikampigia kila mmoja hodi, nikamwambia huyu ni shangazi yangu, msalimieni.