Mkulima Niliyejenga Shambani Kwake

Nilipigiwa simu nikiwa ofisini: mzee aliyeniuzia kiwanja Gahanga, nje kidogo ya Kigali, amefariki. Nilisema pole, nikarudi kwenye kikao. Jioni nilikuta majirani wamejaa uani kwake. Tangu siku hiyo sijatulia.

Alikuwa mkulima na shemasi. Mahali ilipo sebule yangu alilima maharage. Aliuza ili binti yake asomee uuguzi. Mkewe aliugua miguu, naye kila Jumapili alimketisha kwenye baiskeli na kuisukuma kilima chote hadi kanisani. Sisi wa nyumba mpya tulimpita na magari yetu, tukimpigia honi ya salamu. Jumapili moja mvua ilinyesha vibaya. Niliwaona kando ya barabara, mama amejifunika nailoni, mzee ameloa chapachapa. Nilikuwa nimechelewa, na viti vya gari vilikuwa vipya. Sikusimama. Kesho yake alikuja getini, nikajiandaa kulaumiwa.

“Jirani, amakuru?” alinisalimu akicheka. “Nyuma ya nyumba yako iko udongo muzuri sana. Umepanda majani, na ng’ombe hauna! Uniachie kidogo nipande maharage, tutakula wote.”

“Nitafikiria, mzee,” nilimjibu. Misimu miwili ya kupanda ikapita, na ukweli ni kwamba sikufikiria hata siku moja.

Mazishini mjane alinishika mikono yote miwili. “Mzee alikuwa anakusifu sana. Alisema Mungu ametupa jirani muzuri.” Nilitaka kumwambia habari ya ile mvua, lakini nyuma yangu watu walisubiri kumpa pole. Nikawapisha. Huku pembezoni mwa Kigali tumejenga haraka, kuta ndefu na mageti ya chuma, tukadhani kuhamia mahali kunatosha kutufanya majirani wa mtu. Wazo hilo lilinisumbua wiki nzima, hadi Jumapili iliyopita nilipokwenda kwa yule mama nikamweleza yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. “Alikuona,” akasema. “Aliniambia, ‘Huyu iko na haraka. Tumuombee afike salama.’ Tukakuombea pale pale njiani.”

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha. Sikujiandaa kusikia kwamba nilikuwa nimeombewa. Msomaji wangu, tunaowapita kila siku wanatujua kuliko tunavyowajua. Simama leo, uulize hali, ungali na mtu wa kukujibu.