Glasi ya Kwanza ya Shemeji

Shangazi akionja pombe yake tamu ya mapeasi hufumba macho na kuinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza umbea wa jirani ukutani, kisha hutoa hukumu: "Bado kidogo," au, mara chache sana, "Sasa imekolea." Hana haraka na mtu. Hufuta shingo ya chupa kwa pindo la aproni, humimina kwenye vile viglasi vyake vya urefu wa kidole, na tangu mwaka jana glasi ya kwanza lazima ampe shemeji yake, halafu asimame palepale na chupa mkononi mpaka mwenyewe ameze. Wote nyumbani walidhani ni heshima tu. Jumapili hii binti wa kaka yake, akiosha vyombo, alimwona anamimina kijiko kutoka chupa ya siki, iliyofanana na ile ya pombe kama pacha. Shangazi akaonja, akafumba macho. "Sukari imezidi," akasema bila wasiwasi. Binti akaitazama tena ile chupa. Kumbe tangu alipougua homa mwaka jana, ulimi wa shangazi haujui tena chachu wala tamu. Binti akaisogeza siki kando kimyakimya, akamkabidhi chupa ya pombe yenyewe. Sebuleni shemeji alimeza, na uso wake, ambao haujawahi kutunza siri yoyote, ukachanua mpaka masikioni. "Nilijua tu," shangazi akasema, akashusha pumzi. Zamu ya binti ilipofika, alitoka kwenye kivuli cha pazia, akakaa dirishani penye mwanga, akanywa taratibu huku ameuinua uso, shangazi ausome vizuri.