Babu Amesafiri

Mwaka niliohamia Temeke nilikaa majuma matatu bila mtu kuniambia neno zaidi ya "hodi", "samahani" na "umemaliza na ndoo?" Siwalaumu majirani. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, familia tano na mie, na wote walikuwa watu wema. Walishasikia kwamba nimetoka chuo kikuu, na kila waliponiona dirishani na kitabu walipunguza sauti za redio zao. Kitabu chenyewe kilikuwa wazi kwenye ukurasa uleule tangu Jumatatu.

Nilikuwa nangoja kazi. Waliotutangulia chuoni walipangiwa kazi na serikali kabla hata hawajarudisha magodoro. Sisi tulipomaliza tukaambiwa siku hizi ni soko huria, kila mtu ajitafutie. Nilikuwa nimeandika tasnifu nzima kuhusu soko huria. Lilinishinda kwenye kurasa za mwisho, kwa hiyo sikushangaa liliponishinda na mitaani.

Nyuma ya soko la Tandika kulikuwa na banda la video: kuta za magunia, paa la bati, mabenchi, televisheni moja juu ya kreti za soda, na deki iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Mwenye banda alikuwa amepunguzwa kazi bandarini, na kiinua mgongo chake chote kilikuwa pale juu ya kreti. Nilianza kuingia kwa sababu mle ndani kulikuwa na giza, na gizani hakuna anayejua kwamba umekuja peke yako.

Picha zilikuwa za Kihindi na za karate, ila kulikuwa na moja ya nyota, yenye sehemu mbili, ambayo watu waliijua kwa moyo bila kuelewa Kiingereza chake. Vyombo vya angani viliungua, na wafalme walivaa makoti ya ngozi kwenye joto. Steringi alikuwa kijana wa nywele ndefu, lakini watu hawakuja kwa ajili yake. Walikuja kwa ajili ya Babu.

Babu ni jina alilopewa pale bandani. Alikuwa mpiganaji mzee aliyeishi ndani ya chombo kilichokufa, kwenye nyota kame. Alichechemea mguu wa kushoto. Alivaa ovaroli la viraka kama fundi wa gereji, na kiunoni alining'iniza fimbo fupi ya chuma. Kijana alipofika kutaka kufundishwa vita, Babu alimwonyesha tuta la vitunguu, akamwachia jembe, akaenda kulala. Kijana alilima nusu ya picha. Babu alipoamka alitazama matuta, akang'oa kitunguu kimoja, akakinusa, akasema neno moja ambalo hakuna aliyelisikia, maana mkanda wetu ulikuwa nakala ya nakala. Banda zima lilipiga makofi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini wabeba mizigo wa Tandika walimpenda mzee yule kuliko steringi. Nadhani ni kwa sababu alikuwa mkubwa wa kwanza waliyemwona ambaye hakuhutubia. Sie tulikuwa tumelelewa kwa hotuba.

Mwisho wa sehemu ya pili chombo kinaungua na maadui wanakuja. Babu anamsukuma kijana ndani ya chombo kidogo, yeye anabaki mlangoni, anachomoa fimbo, na mlango unajifunga. Zinapanda herufi. Sehemu ya tatu haikuwepo. Mwenye banda aliiulizia Kariakoo, kwenye duka la mikanda la mzee mmoja wa Kihindi, na kila mara alijibiwa, "Iko njiani, bwana, iko njiani."

Mkabala na banda alikaa fundi baiskeli, Mzaramo, mwenyeji wa hapo, mtu wa miaka hamsini hivi. Siku moja nilikuwa napita akaniita.

"We msomi, kwenu wapi?"

"Tabora."

"Mnyamwezi!" Aliacha kazi, spoku mkononi. "Tangu lini Mnyamwezi akapita mbele yangu mikono mitupu? Mzigo uko wapi?"

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipobeba mizigo hadi pwani. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, akakunyang'anya kofia, na siku ya msiba wako akaingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kitu. Huruhusiwi kukasirika. Niliyajua haya tangu utotoni, lakini kwa miaka minne ya chuo hakuna aliyenitania, nikawa nimepata kutu. Ilinichukua muda kujibu.

"Mzigo nimemwachia mkeo," nikasema. "Si uko ngomani siku zote? Lazima apate cha kufanya."

Vijana wawili wabeba mizigo waliokuwa wamekaa hapo walicheka mpaka wakashikana. Fundi alinirushia kipande cha mpira wa baiskeli. Nilirudi chumbani nikiwa nimetukanwa vizuri, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeuonja tangu nihame.

Basi nikawa nakwenda kila alasiri. Nilikalia tairi bovu, tukatukanana, na mazungumzo hayakuchelewa kufika kwa Babu.

"Babu kafa," alisema kijana mmoja siku moja.

"Hafi," alisema mwenzake. "Steringi hafi."

"Babu si steringi. Babu mwalimu wa steringi. Walimu wanakufaga."

"Na ile fimbo je? Fimbo ya urembo?"

Fundi akanigeukia. "Tumuulize Mnyamwezi. Huko chuoni hawakuwaonyesha ya tatu?"

Wote watatu wakanitazama. Naapa sikuwa nimepanga. Ila ulikuwa muda mrefu tangu watu watatu wanitazame kwa pamoja wakitaka kitu nilichonacho.

"Nimeiona," nikasema.

"Haya. Babu?"

"Mzima."

Kijana wa pili aliruka juu kama timu yake imefunga.

Tangu hapo nilisimulia sehemu ya tatu kwa miezi miwili, kipande kwa kipande. Babu aliungua lakini hakufa. Aliokotwa na wafanyabiashara wa angani, akapoteza kumbukumbu, akaishia kubeba magunia katika soko la nyota fulani lililofanana sana na Tandika. Fundi alikuwa msikilizaji mgumu. Alitaka kujua Babu anakula nini, na nani anamfulia lile ovaroli. "Mtu mzima hawezi kukaa nyota nzima peke yake," alisema. "Atafutiwe mke." Nikamtafutia mjane mmoja mwenye maneno makali na mkono mwepesi wa mapishi. Usiku nilirudi chumbani kuchemsha chai ya kikombe kimoja, huku nikipanga Babu na mkewe watagombania nini kesho.

Halafu, Alhamisi moja, mwenye banda akaja kwa fundi na kitu kimetuna ndani ya shati. Alikitoa polepole. Ulikuwa mkanda.

"Ya tatu," alisema. "Jumapili, alasiri. Msomi, utasimama kando ya kioo ututafsirie."

"Niazime kwanza," nikasema. "Niiangalie kidogo, nikumbuke."

"Ukumbuke nini? Si unaisimuliaga hapa kila siku?"

Nilikuwa na siku tatu za kusema kweli. Ijumaa nilikwenda kwa fundi nimekusudia, nikamkuta anamweleza mteja kwamba ngoja uone, Mnyamwezi huyu picha yote iko kichwani mwake. Jumamosi sikutoka chumbani.

Jumapili banda lilijaa mpaka watu wakasimama nje na kuchungulia kwenye matundu ya magunia. Fundi alikuwa amefunga kazi, amenyoa ndevu na kuvaa shati jeupe, kakaa benchi la mbele. Nilisimama kando ya televisheni nikijiambia kwamba huenda waandishi wa picha ile wana akili kama zangu. Lolote linawezekana angani.

Mkanda ulikuwa mpya, sauti safi. Kwa mara ya kwanza nilisikia kila neno, na ningetoa chochote nisisikie. Steringi alikuwa amezeeka, ana ndevu, yeye ndiye anayefundisha wengine. Nilitafsiri vita, nikatafsiri baraza la wafalme. Robo saa ilipopita, steringi aliingia chumbani na mwanamke mmoja. Ukutani, kwenye msumari, lilikuwa limetundikwa ovaroli la viraka. Aliligusa mkono, akasema kwa Kiingereza chepesi cha darasa la saba kwamba mwenye nguo ile aliushikilia mlango mpaka mchana, na hawakupata hata kitu cha kuzika.

Shingo zikanigeukia.

"Anasemaje?" fundi aliuliza.

Shahada yangu yote ilikuwa pale mbele ya watu. Nikasema, "Anasema Babu amesafiri."

"Kaenda wapi?"

"Hajasema."

"Na mkewe?"

"Wamekwenda wote."

Watu wakapumua. Basi wakaanza kumngoja. Kila mlango uliofunguka kwenye picha, shingo zilinyooka. "Huyo!" "Siye." Mara moja aliingia adui mmoja anayechechemea, makofi yakalipuka, yakafa alipogeuza uso. Mimi niliendelea kutafsiri kwa sauti inayokauka. Vita kubwa ya mwisho ilipoanza, nyuma mtu alisema kwa utulivu kabisa, "Sasa ndo anaingia." Vita ikaisha. Herufi zikapanda. Mwenye banda akawasha balbu, na hakuna aliyenyanyuka.

Fundi ndiye aliyesimama. Alinielekezea kidole.

"Mnyamwezi we! Miezi miwili umetubebesha gunia, kumbe makapi matupu! Mrudisheni Tabora kwa miguu!"

Banda zima lilicheka, kisha likanyamaza likinitazama. Leo najua ukimya ule ulikuwa nini. Nilikuwa nimetupiwa kamba. Ilitosha kusema, "Mzaramo we, ungejua Kiingereza ungebebeshwa?" na mambo yangekwisha palepale, na kesho yake ningekuwa juu ya tairi langu nikitukanwa kama kawaida. Lakini mimi niliangalia chini, nikatoka kwa kupenya katikati ya magunia.

Nilikesha nikitunga maneno. Asubuhi nilipiga pasi suruali nikaenda kwa fundi. Alikuwa amezamisha mpira kwenye karai la maji, anatafuta tundu, na wale vijana wawili wamekaa karibu. Hotuba yangu ilikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho. Nikasema nimekuja kuomba radhi. Nikasema sikuwahi kuiona ile picha, nilidanganya, na nilidanganya kwa sababu ya upweke, na kwamba ana haki ya kunikasirikia. Vijana walitazama ardhi. Fundi aliniacha nimalize.

"Pale kwenye nguo," aliuliza, "yule kijana alisemaje hasa?"

Nikamwambia.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema, na vijana wakaitikia chini chini. Aliutoa mpira kwenye karai. "Ungetuambia palepale. Msiba tunauweza. Kungoja ndo kumetuchosha."

"Najua. Nisamehe."

"Yamekwisha, bwana."

Alikausha mikono, akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakipangusa vumbi kwa mkono wa shati. "Karibu ukae, bwana."

Nilikaa. Aibu ninayoikumbuka zaidi ni kwamba niliona mambo yamekwenda vizuri. Hata nilijipongeza kidogo kwa ujasiri. Ilinichukua kama wiki kuelewa kwamba mtani haombwi radhi. Kwa kumwomba radhi nilimwambia kwamba lile tusi la bandani lilikuwa limeniingia, kwamba mbele yake hakukuwa na Mnyamwezi tena bali mtu aliyekoseana naye. Na mtu wa hivyo hatupiwi vipande vya mpira. Anapewa kigoda.

"Habari za leo, bwana?" alikuwa akiniuliza. "Majibu ya kazi vipi?"

"Bado."

"Mungu atajalia."

Siku moja nilijaribu. "Mzaramo, leo huendi ngomani?" Alitabasamu kama mtu anayesikiliza mtoto wa jirani akighani shairi. "Ah, siku hizi siendi, bwana." Lakini wale vijana ndio walionimaliza. Niliwazidi miaka mitatu tu, labda minne. Asubuhi moja nilipopita, wote wawili waliinuka.

"Shikamoo."

Ningefanyaje? Nikasema marahaba.

Bandani niliendelea kwenda. Mwenye banda alikuwa amepata mtafsiri mwingine, kijana machachari asiyejua neno la Kiingereza, aliyeua na kufufua watu alivyotaka. Watu walimzomea, walimrushia maganda ya karanga, wakampenda sana. Hakuna aliyemuuliza kama ni kweli. Nilikaa benchi la nyuma. Siku moja kulikuwa na askari aliyejeruhiwa anaomba maji, na yule kijana akatangaza kwamba anaomba kuoa. Nilicheka peke yangu, kwa sauti, nikamgeukia mtu wa pembeni nimweleze. Akadhani nataka kutoka. Alikusanya miguu yake upande mmoja, akanipa nafasi.

"Pita, bwana," alisema.

Nikapita.