Picha ya Mchimba Dhahabu

Baada ya mume wangu kufariki nilianza kupangisha chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Troyeville, hapa Johannesburg. Wengi waliokuja walikuwa Wakongo wanaotafuta pa kuanzia maisha, lakini kipindi cha baridi cha mwaka 2017 akaja Mwingereza mmoja, mwalimu mstaafu, mrefu, mpole, mpenda chai yenye maziwa mengi. Alikuwa anaandika historia ya kijiji alichozaliwa. Kijiji chenyewe, aliniambia, kina kanisa moja na baa moja, na ukisimama mlangoni pa kanisa unaziona nyumba zote. Zamani watu wa hapo walichimba bati. Migodi ilipofungwa, vijana walipanda meli wakaja Johannesburg kuchimba dhahabu, na wengi hawakurudi. Alitaka kujua walizikwa wapi.

"Majina yao tunayo, yamechongwa ukutani kanisani," alisema. "Zaidi ya hapo hatuna kitu."

Mimi nilifundisha historia Morogoro kabla ya kuolewa na mkimbizi wa siasa kutoka Afrika Kusini na kumfuata huku makaburu walipoachia madaraka. Vyeti vyangu havikutambuliwa, nikaishia kushona sare za shule. Kwa hiyo mgeni aliponiuliza mezani kwangu kama ningependa kumsaidia kutafuta habari za watu waliokufa zamani, nilikubali kabla hajamaliza kuuliza. Baridi ile yote tulizunguka pamoja. Yeye alisoma maandishi ya kwenye makaburi, mimi nikaongea na watu, maana Kizulu changu ni kibovu lakini kinaeleweka.

Siku moja, katika makaburi ya zamani ya Braamfontein, nyasi zikiwa zimekauka na mawe mengi yameinama, tulikuta kaburi moja safi. Lilikuwa limefagiwa, limepaliliwa, na juu yake kuna kikombe cha bati chenye maua mabichi. Jina lililokuwa kwenye jiwe lilikuwa mojawapo ya yale ya ukutani kanisani kwao. Mwingereza akavua kofia.

"Nani anamtunza huyu?" aliuliza.

Mfanyakazi wa makaburi alituambia kuna bibi kizee anatoka Riverlea, huja Jumamosi asubuhi. Jumamosi tukarudi, naye akaja, fagio dogo likiwa limechomoza kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa amepita miaka themanini, mmoja wa wale ambao serikali ya zamani iliwaita makaladi, yaani machotara, na kuwapanga peke yao, huko pembeni mwa vilima vya mchanga wa migodi. Mtaani kwake kila mtu alimwita Anti, nami nikamwita hivyo. Mwingereza alipomweleza ametoka kijiji gani, Anti aliweka fagio chini.

"Mmechelewa sana," akasema. "Huyu ni babu yangu."

Nyumbani kwake alitupa chai na mikate ya tangawizi. Juu ya televisheni palitundikwa picha kubwa ya zamani. Mwanamume mwenye masharubu amekaa kitini, mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani amesimama nyuma yake, mkono wake ukiwa begani kwa mwanamume, na watoto wawili wamesimama mbele. Mmoja wa watoto hao ndiye aliyekuja kumzaa Anti. Mwanamke alikuwa Msotho aliyewafulia wachimbaji nguo. Hakuna ofisi iliyowafungisha ndoa, lakini waliishi nyumba moja mpaka vumbi la mgodini lilipommaliza mume mapafu. Alipokufa, mjane alitafuta mtu wa kumwandikia barua ya msiba kwenda kijijini Uingereza. Hawakujibu. Akaandikiwa nyingine, na nyingine, mpaka akachoka.

"Sitaki kitu kwenu," Anti alimwambia mgeni. "Andika tu jina la bibi yangu karibu na jina lake. Basi."

Alilitaja. Silitaji hapa, maana si langu kulitoa. Mwingereza aliliandika, akamsomea, akauliza kama herufi ziko sawa. Machozi yalikuwa yanamtoka, na nilimpenda kwa hilo. Kisha akaomba aende na ile picha Uingereza isafishwe na kunakiliwa vizuri, halafu airudishe.

Anti alinigeukia mimi. "Wewe unamjua?"

"Anakaa kwangu," nilisema.

Alisimama akaishusha mwenyewe.

Niseme kwa nini jambo lile lilinishika. Mume wangu alipokimbilia uhamishoni alikuwa ameacha mke huku Afrika Kusini. Siku ya mazishi yake, mbele ya watu wote, mkubwa wa ukoo alisoma habari za maisha yake, akataja mke yule, akataja watoto, wangu wakiwemo. Mimi sikutajwa. Miaka yangu yote na marehemu, Morogoro na hapa, ilipita katika sentensi moja isemayo kwamba "aliishi pia Tanzania." Nilikuwa nimekaa kwenye godoro la wafiwa, nikisikiliza. Kwa hiyo Anti alipoomba jina moja tu, nilijua anaomba nini.

Mwaka uliofuata mimi naye tulikuwa marafiki. Nilimtembelea, tukapika, akanifundisha mikate yake ya tangawizi, nami nikamshonea mapazia. Kila mara aliuliza kuhusu kitabu. Mwingereza, akiwa amesharudi kwao, mwanzoni aliandika kila wiki, baadaye mara mojamoja, kisha kimya. Mapema mwaka 2019 kitabu kikafika kwa posta, jalada gumu, kanisa lao likiwa juu yake.

Nilikifungua hapo hapo kwenye cherehani. Picha nikaiona. Mwanamume mwenye masharubu amekaa kitini, peke yake. Watoto hawapo, mwanamke hayupo, ila begani kwa mwanamume vimebaki vidole vinne. Chini yake waliandika kwamba alifia ugenini bila kuoa, na kwamba kaburi lake linatunzwa na wenyeji wema.

Nilimpigia simu.

"Kamati ya kitabu hapa kijijini ndiyo iliyoamua," alisema. "Ukoo wa marehemu bado uko hapa, na wao ndio waliogharamia uchapaji. Walisema hakuna cheti cha ndoa, na historia inataka ushahidi."

"Ulikunywa chai na ushahidi."

"Hiki ni kijiji kidogo. Watu hawa naishi nao."

"Na picha iko wapi?"

"Iko kwenye ukumbi wa kijiji, katika kabati la kioo. Wanasema ni ya ukoo."

Ningeweza kukificha kile kitabu. Nilikipeleka Riverlea, kwa sababu Anti angeuliza tena na nisingeweza kumdanganya. Alivaa miwani, akasoma ukurasa ule taratibu, akarudia. Kisha akaweka kidole chake juu ya vile vidole.

"Walishindwa kumwondoa kabisa," akasema. Baadaye akauliza, "Picha yangu iko wapi?"

Nilipomwambia, alikifunga kitabu akanirudishia.

Nilimwandikia Mwingereza mpaka nikachoka na maneno yangu mwenyewe. Nilimbembeleza, nikamtukana, nikamtisha kwamba nitaliandikia kanisa lao. Ilichukua miezi. Picha ilirudi ikiwa salama, imefungwa vizuri kuliko mzigo wowote niliowahi kupokea, na ndani kuna kadi ya shukrani yenye saini za kamati nzima. Ile kadi niliichana. Picha nikaipeleka.

Anti alikuja mlangoni lakini hakufungua geti lote la chuma. Alifungua upenyo wa kupitisha picha tu, akaipokea, akaiangalia mbele na nyuma.

"Asante, mwanangu," alisema. "Sasa usije tena."

"Anti, mimi sikujua watafanya hivi."

"Najua hukujua. Lakini wewe ndiye uliyemleta."

Aliingia ndani, nikasikia kitasa. Majirani wakinitazama, nikatembea hadi barabarani kutafuta teksi.

Mwishoni mwa mwaka ule Mwingereza aliandika tena. Kitabu kimeuzika, alisema, kitachapwa mara ya pili, na amefanikiwa kuishawishi kamati iongeze maneno machache chini ya ukurasa ule: kwamba inasemekana marehemu aliishi na mwanamke wa huko. Aliniomba nimpelekee Anti habari hizo njema.

Sikumpelekea. Mwingereza naye sikumjibu.