Fahali wa Matanga ya Babu

Nilipokuwa mtoto kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Busia, sikuogopa giza wala nyoka. Niliogopa fahali. Nikimwona mmoja malishoni, nilizunguka njia ndefu ya kwenda shule hata kama kengele ilikwisha gongwa.

Ilianza siku ya matanga ya Babu, nikiwa na miaka mitano. Kwetu Wasamia, mzee akifariki, mafahali hukimbizwa uani ili wayafukuze mauti. Kukhu, bibi yangu, alinionya nisisimame mbele yao: mauti yakifukuzwa hutafuta pa kuingia, na mtoto ni rahisi kuingiwa. Nikatoka hata hivyo. Nakumbuka vumbi, pembe, na uso wa Baba ukinijia mdomo wazi. Nilipozinduka nilikuwa jikoni, mkono umevunjika. Kukhu akasema alinikanya. Aliniombea wiki nzima. Mkono ukapona, hofu ikabaki.

Miaka mingi baadaye nilisomea unasihi katika chuo kimoja Tororo. Mhadhiri wetu alifundisha kwamba kile mtoto anachosema anakiogopa sicho anachokiogopa hasa. Nilipomsimulia yangu, alisema fahali yule ni baba yangu. Mtoto hathubutu kumchukia wala kumwogopa anayemlisha, kwa hiyo humhamishia mnyama hofu yake.

Rafiki yangu Athieno, Mpadhola wa Rubongi, alinyoosha mkono. "Mwalimu, ng'ombe ana pembe. Mtoto anahitaji sababu gani nyingine?"

Mhadhiri akajibu kwamba kukataa kwetu ni dalili kuwa amegusa penyewe.

"Tukikubali ni ushahidi, tukikataa ni ushahidi," Athieno akasema. "Sasa ukikosea, tutajuaje?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikwisha amini. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na ule uso wenye mdomo wazi sikuwahi kuuelewa. Mwaka mzima sikwenda nyumbani, ingawa si mbali. Akipiga simu, nilimjibu kwa mkato.

Hatimaye Athieno alichoka nami. Aliniambia nimemuuliza mhadhiri habari za baba yangu, lakini baba mwenyewe sijamuuliza. Jumamosi hiyo nikapanda boda hadi stendi, nikaenda nyumbani.

Nilimkuta akimenya karanga. Nilipomuuliza kuhusu siku ile ya matanga, akaniambia kwamba kamba ya fahali ilikuwa mkononi mwake, ikamponyoka. Alinikimbilia akiita jina langu.

"Mkono ule niliuvunja mimi, mama," alisema. Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. "Pembe ilikuwa inakufikia. Nikakurusha."

Hakuwahi kuniambia kwa kuwa hakujua aanzie wapi. Nami nikamwambia kwa nini nilipotea, na yale aliyosema mhadhiri.

"Ulimwamini?"

"Nilimwamini, Baba."

Alitikisa kichwa, akanisogezea karanga nimsaidie kumenya.

Leo wazazi huniletea watoto wenye hofu zao. Sijayatupa yote ya mhadhiri. Hofu huweza kweli kuficha kitu, na kwetu kilifichwa kitu, ila si kile alichokitaja. Yeye na Kukhu walikuwa na jibu tayari, na hakuna kati yao aliyemuuliza Baba. Mimi pia sikumuuliza. Kukhu angalau alinikalisha karibu na watu wangu. Mwaka ule nilioishi mbali na Baba sina wa kumlaumu. Niliuchagua mwenyewe, kwa sababu maelezo yale yalikuwa mazuri kusikiliza.