Ukuta wa Mama Haujaisha

Mpima ardhi alipomaliza kuvuta kamba, mpaka wa kutugawia shamba letu la Kalamba, sisi ndugu wawili, ulipita katikati ya kitanda cha mama. Kichwa kingelala kwangu, miguu kwa ndugu yangu mkubwa. Tangu baba afariki, ndugu yangu alitaka ile nyumba ya udongo ivunjwe na mama ahamie nyumba yake ya mawe. Mimi nilipinga, tena mara nyingi, lakini kitinda mimba kwetu husikizwa kama redio ya jirani.

"Mama, hii line imepita kwa kitanda yako," ndugu yangu alisema. "Lazima nyumba itoke."

"Itatoka nikimaliza ukuta."

Baba alikuwa amezibandika kuta zote magazeti kwa uji wa ngano, kuzuia vumbi. Mama, mwalimu mstaafu, alikuwa akijaza chemshabongo za magazeti hayo palepale ukutani, kwa penseli. Zilizobaki tupu zilikuwa chache. Ndugu yangu akakunja mikono ya shati.

"Basi tumsaidie amalize leo."

Nilipanda kiti nikasoma: "Chumba cha kupokea wageni, herufi sita." Mke wa ndugu yangu akaitika kutoka jikoni, "Sebule," nami nikaandika. Chemshabongo moja baba aliibandika juu chini, karibu na sakafu, kwa hivyo mpima ardhi ilibidi alale chini na buti zake, kichwa uvunguni, akimulika kwa simu.

"Hutenganisha mashamba mawili, herufi tano," akasoma. "Hiyo ni fensi."

"Haiingii," mama akamwambia kutoka juu ya kitanda, kikombe cha chai mkononi. "Ya pili ni P."

Yule bwana, aliyekuwa ameshinda asubuhi nzima akipima kitu hichohicho, akahesabu visanduku kwa kidole. "Mpaka, mwalimu," akasema hatimaye, kama mtoto aliyechelewa shule.

Alasiri hakukuwa na kisanduku kitupu. Ndugu yangu akatoka kwenda kuchukua mtaimbo.

Mama akashuka kitandani. Akachukua gazeti ambalo mpima ardhi alikuja nalo, chemshabongo yake bado tupu, akavuta sufuria ya uji wa ngano aliokuwa ameupika asubuhi bila yeyote kumwuliza ni wa nini, akaupaka ukutani na kulibandika gazeti juu ya majibu yetu. Akalinyoosha makunyanzi kwa kiganja.

"Bado," akasema.

Ndugu yangu alikuwa mlangoni, mtaimbo begani. Alimtazama mama, akatazama lile gazeti bichi linalochuruzika uji. Kisha akautegemeza mtaimbo ukutani na kuuliza kama chai imebaki.

Siku hizi yeye ndiye humletea gazeti kila Jumamosi kutoka sokoni. Hulifungua kwanza njiani, aone kama chemshabongo ni ngumu vya kutosha.